Hewa ya Mkate wa Efrazia

Mwaka wa saba tangu Mkoa wa Manyara ukatwe kutoka Arusha, Jumapili moja pale Gitting, Clement alimpita kaka yake Pascal mlangoni mwa kanisa bila kumwamkia. Waliokuwa wakitoka misani waliona wote. Mdogo mtu hakusema shikamoo, na mkubwa hakugeuza hata shingo. Efrazia, dada yao wa katikati, aliinama akajifanya anamfunga mama yao vizuri mgolole begani, kumbe anaficha uso.

Ugomvi wao ulianza na moto.

Baba yao alipofariki, shamba la ngano liligawanywa pale kwenye tuta la kinga ya maji lililooteshwa majani ya tembo. Pascal akachukua upande wa juu, Clement upande wa chini. Nyumba ilibaki kwa mama yao, Bibi Agatha, na Efrazia, ambaye kijijini wengi walimwita Mama Genoveva, alirudi kuishi naye baada ya kufiwa na mume. Nyumba hiyo ilikuwa karibu na barabara, mahali ambapo ukisimama mlango wa jikoni unayaona mashamba yote mawili. Nyuma ya jiko hilo Efrazia alikuwa na tanuri la udongo na matofali, na mikate yake ndiyo iliyokuwa ikiliwa shuleni, dukani na siku za mnada.

Pascal hakuwahi kuondoka nyumbani. Aliwahi kuhudhuria semina ya kilimo hai parokiani, na tangu hapo dawa ya dukani haikugusa tena ardhi yake. Mwaka huu ngano, mwaka ujao ngwara, jamii ya maharage inayorutubisha udongo, na samadi kila msimu. Akishavuna, alimruhusu Mzee Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig kutoka Gendabi, alete ng'ombe wale mabua na kulala palepale, ili mbolea ibaki shambani.

Clement yeye alikuwa dereva wa kombaini katika mashamba makubwa ya ngano ya serikali kule uwandani. Mashamba hayo yalipobinafsishwa, wengi walipunguzwa kazini, naye akarudi nyumbani na ovaroli yenye madoa ya grisi na imani moja, kwamba ngano ni urea, dawa ya magugu na mashine. Mengine ni mchezo. Na huwezi kumsingizia, ngano yake ilikuwa nzuri kweli. Masuke yalijaa, yaliinama kwa uzito, wakati ya kaka yake yalisimama wima kama watoto wa shule.

"Anaua udongo wa baba," Pascal alikuwa akisema.

"Analima umaskini," Clement alijibu, akiwa mbali kidogo lakini si mbali kiasi cha kutosikika.

Hayo yalivumilika. Walikuwa wakibishana, kisha wanakaa kwa mama yao kunywa chai. Lakini msimu mmoja, baada ya mavuno, Clement alichoma mabua yake ili trekta lipite kwa urahisi. Upepo ukageuka. Moto ukaruka kinga ya maji, ukapanda upande wa juu, ukala lundo la mabua ambalo Pascal alikuwa amelitunza kwa ajili ya mboji na chakula cha maksai, ukamaliza na malisho ya ng'ombe wa Mzee Gidamis. Kijiji kizima kilitoka na matawi mabichi. Clement alikuwa mbele ya wote, nyusi zimeungua, akipiga moto kama mtu aliyepagawa.

Moto ulipozimika, Pascal alimwendea, akasema mbele za watu, "Baba angekuwa hai, angekukana."

Clement akaliacha tawi lidondoke, akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Krismasi walikuja kwa mama yao kwa zamu, mmoja asubuhi, mwingine jioni, na Bibi Agatha akala kidogo mara zote mbili.

Basi hali ikiwa hivyo, akaja Loveness.

Alikuwa binti wa Bashay, upande wa Mbulu, aliyekuwa akisomea kilimo chuoni Morogoro. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Margwe, alimleta mwenyewe hadi kwa Bibi Agatha.

"Huyu mtoto anafanya utafiti," alisema. "Anataka mashamba mawili ya ngano yaliyo jirani, moja la samadi na moja la mbolea ya dukani. Nimemwambia Hanang nzima hatapata kama haya ya kwenu."

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama," Loveness aliamkia kwa adabu, magoti yamekunjwa kidogo. Akaeleza kwamba anapima hewa ya ukaa, ile hewa inayozidi angani na kufanya dunia ipate joto na mvua zikose mpangilio. Alitaka kujua mkate wa ngano ya samadi unatoa kiasi gani, na mkate wa ngano ya urea kiasi gani, kuanzia shambani hadi mezani.

Efrazia aliyaona mambo yote kwa mara moja. Mmoja wa ndugu zake atatangazwa mshindi, mwingine mchafuzi, na huo ndio utakuwa mwisho. Lakini Pascal alikubali haraka, kwa sababu alijua atashinda. Clement aliposikia kaka yake amekubali, naye akakubali.

Loveness akaanza kazi. Alisimika shambani masanduku meupe yasiyo na kitako, akayafunika, kisha akawa anavuta hewa iliyomo kwa bomba la sindano na kuiingiza kwenye vichupa. Watoto walimfuata wakicheka kwamba dada anachoma hewa sindano. Aliuliza dizeli iliyotumika kulimia, akapima mifuko ya urea na mikokoteni ya samadi. Mara mbili alikaa kutwa nzima jikoni kwa Efrazia, akipima unga, hamira, maji, hata kuni zilizoingia tanurini.

"Hapa unaoka kwa unga wa nani, mama?" alimuuliza siku moja.

Efrazia akachungulia nje kwanza. "Wa wote wawili. Nachanganya."

"Kwa nini?"

"Wa Clement unaumuka vizuri, lakini ukiwa peke yake mkate haukai na ladha. Wa Pascal una harufu nzuri, ila mkate unakuwa mfupi. Nikiuchanganya, watu wanapigana dukani." Akashusha sauti. "Kila mmoja anadhani ni unga wake tu unaosifiwa. Usije ukawaambia."

Loveness alicheka, akaandika.

Huku nje maneno yalikuwa yanakua. Watu walikuwa wameshaona mashamba makubwa yakibadilisha mikono, na jambo lolote la kupima ardhi liliwatia wasiwasi. Kilabuni ikasemwa kwamba atakayeonekana anachafua hewa atatozwa faini. Wiki iliyofuata ikawa si faini tena, atanyang'anywa shamba apewe mwekezaji. Mke wa Clement alikuja kwa Efrazia analia. Mke wa Pascal naye akaja, hakulia, lakini aliuliza kwa upole mno kama ni kweli samadi nayo inapimwa.

Mavuno yalipokwisha na baridi ya mlimani kuanza kulegea, Loveness alitangaza kwamba atatoa majibu kwenye mkutano wa kijiji. Jioni ya kuamkia mkutano Efrazia alimfuata alikopanga.

"Mwanangu, nakuomba kitu. Kama kuna lililo baya, mwambie mwenyewe faraghani. Usiseme mbele ya watu. Hawa ndugu zangu wana kidonda."

Loveness alimvutia kigoda. "Mama, niliahidi kijiji kwamba nitawaeleza wote. Nikianza kuficha, watasema nimeleta kweli yale ya kunyang'anya ardhi." Kisha akamshika mkono. "Lakini si kama unavyodhani. Njoo tu."

Efrazia alirudi nyumbani bila kufarijika. Hata unga wa kesho yake alisahau kuuchekecha.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Pascal alikaa mbele upande wa kulia, Clement nyuma upande wa kushoto, na katikati yao kukajaa nusu ya Gitting. Mzee Gidamis alikuja kutoka Gendabi na fimbo yake, maana ng'ombe wake nao walihusika. Bibi Agatha aliletewa kiti.

"Nianze na mashamba," Loveness alisema. "Ukihesabu kwa eka, shamba la Mzee Pascal linatoa hewa ya ukaa kidogo kuliko la Mzee Clement."

Pascal akanyoosha mgongo. Efrazia akafumba macho.

"Urea hutengenezwa kiwandani kwa gesi na moto mwingi. Na ukishaimwaga shambani, sehemu yake inageuka kuwa hewa mbaya inayopanda juu. Hilo ni kweli. Lakini hatuli eka, tunakula ngano. Mzee Clement anavuna magunia mengi zaidi kwenye ardhi ileile. Na lundo la samadi nalo halikai kimya, linatoa hewa likiwa linaoza."

"Na ng'ombe wangu wakijamba?" Mzee Gidamis aliuliza akiwa hana hata dalili ya utani.

"Nao wanahesabiwa, babu. Ila hasa wakibeua."

Mkutano uliangua kicheko, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Efrazia alipumua.

"Kwa hiyo, kwa kilo moja ya ngano," Loveness aliendelea, "mashamba haya mawili yamekaribiana mno. Tofauti yake ni ndogo kuliko makosa ya vipimo vyangu. Siwezi kusimama hapa nikaapa nani amemzidi nani. Udongo wa Mzee Pascal unashika maji na rutuba vizuri zaidi, na hiyo ni akiba. Mavuno ya Mzee Clement yanatosha bila kuongeza ardhi, na hiyo pia ni akiba. Kila mmoja ana cha kumfundisha mwenzake."

Mtu mmoja akanyoosha mkono. "Na kuchoma mabua je?"

Efrazia aliona shingo ya Clement ikikakamaa.

"Kuchoma ni hasara," alisema Loveness. "Lakini mwaka huu sikupima moto wowote. Mzee Clement hakuchoma. Mabua yake yapo mpaka leo, nimepita kuyaona asubuhi."

Watu waligeuka kumtazama Clement. Pascal naye akageuka, taratibu, kama mtu anayeogopa shingo itamvunjika. Msimu mzima alikuwa amelipa kisogo shamba la mdogo wake, hakujua. Efrazia mwenyewe, aliyekuwa akiliona kila siku kutoka mlango wa jikoni, hakuwa ameliwazia. Clement alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sasa niseme la mwisho, maana niliahidi kufuata ngano mpaka iwe mkate," Loveness alisema, na hapo sauti yake ikapungua nguvu. "Mkate wa hapa hauwezi kutenganishwa huu wa samadi, huu wa urea, kwa sababu mwokaji anachanganya unga wa ndugu zake wote wawili."

Kicheko kingine. Pascal na Clement wote wakamkodolea dada yao macho.

"Na katika mkate huo, kitu kinachotoa hewa ya ukaa kuliko vyote si urea. Si samadi. Si dizeli ya trekta. Ni kuni za tanuri. Tanuri limepasuka, joto linatoka kila upande, na kuni zinatoka kwenye miti ya mlimani ambayo hakuna aliyeipanda na hakuna anayeirudishia. Kuni peke yake zinatoa kuliko yote yanayotoka shambani."

Efrazia alihisi uso unawaka kana kwamba kaingiza kichwa tanurini. Msimu mzima alikuwa akihofia mmoja wa ndugu zake ataaibishwa, kumbe mchafuzi ni yeye. Nyuma yake akasikia mnong'ono, "Kumbe ni Mama Genoveva!" Halafu sauti ya mwanamume, nzito, ikasema, "Basi tanuri hilo lifungwe."

"Nani alifunge?"

Hakuuliza mtu mmoja. Waliuliza wawili, kwa pamoja, neno kwa neno. Pascal alikuwa amesimama upande wa kulia na Clement amesimama upande wa kushoto, wote wamemkazia macho mtu yuleyule.

Walipogundua, walitazamana. Clement ndiye aliyeendelea.

"Dada yetu amelea watoto kwa tanuri hilo. Watoto wenu wameshiba mikate yake. Hakuna wa kulifunga."

"Hakuna," Pascal alisema.

Ni neno moja tu, lakini Bibi Agatha alilisikia, akauweka mkono kifuani.

Loveness aliinua mikono. "Jamani, hakuna wa kufungiwa wala kunyang'anywa kitu! Hakuna faini. Nimepima ili tujue pa kutengeneza. Tanuri linatengenezeka."

Mzee Margwe, mwenyekiti, akarudia maneno hayo kwa sauti kubwa zaidi ili waliokaa mbali wasikie, na zaidi wale wa kilabuni. Ungeona jinsi mabega ya watu yalivyoshuka. Mke wa Clement alimkumbatia mke wa Pascal kabla hajakumbuka kwamba hawasemeshani.

Lakini ndugu wenyewe waliondoka kila mtu njia yake. Efrazia alimrudisha mama yake nyumbani polepole, akijiambia asitegemee makubwa. Neno moja mkutanoni si salamu.

Asubuhi alipotoka jikoni alimkuta Pascal amechuchumaa mbele ya tanuri, anaingiza kidole kwenye ufa.

"Mwanga wa upande wa pili unaonekana," alisema bila kugeuka. "Ulikuwa unapasha joto Hanang nzima."

Clement alitokea nyuma ya nyumba akiwa na mkanda wa kupimia na kipande cha pipa la chuma begani. Akamwona kaka yake, akasimama. Kuku walipita katikati yao. Efrazia aliibana ndoo ya maji kifuani asijue aiweke wapi.

"Shikamoo kaka," Clement alisema.

Pascal akachomoa kidole kwenye ufa. "Marahaba."

Clement akaweka chuma chini. "Nimefikiria mlango. Huu wa bati haushiki joto. Nikikata pipa, nikaunga vipande viwili na majivu katikati, joto halitoki. Kule kwenye kombaini tulikuwa tunafunika injini hivyohivyo."

"Na kuta?"

"Kuta sijui. Wewe ndiye unajua udongo."

Pascal akainuka, akapangusa magoti. "Udongo mtupu utapasuka tena. Unataka mabua yaliyokatwakatwa ndani yake, mengi. Ukuta mnene, wa tabaka mbili." Akatazama shamba lake kule juu. "Mimi mabua yangu yameshaliwa na ng'ombe."

"Yangu yapo," alisema Clement. Kisha, akiyaangalia majani ya tembo kule chini, "Kaka, ule moto..."

"Upepo ulikuwa mkali siku ile," Pascal alisema haraka. "Niliuona. Na nyusi zako niliziona zimeungua. Nilisema neno ambalo baba asingelisema." Akakohoa. "Lete hayo mabua."

Walifanya kazi bega kwa bega, wakibishana tangu jua linachomoza. Clement alitaka kila kitu kipimwe kwa mkanda, Pascal alitaka kipimwe kwa mkono. Walibishana kuhusu maji ya udongo, kimo cha dari, na upande wa bomba la moshi. Wakati mmoja Clement alitupa mwiko chini, lakini aliuokota mwenyewe, akaupangusa kwenye ovaroli, akaendelea kubisha. Loveness alikuja kuchora jinsi moshi utakavyozunguka kabla ya kutoka. Mzee Gidamis akapita na ng'ombe, akasimama kuwatazama, akasema kwamba huko Gendabi nyumba za samadi hazijawahi kupasuka na hakuna aliyekuja kumuuliza. Wakamuuliza. Wakaongeza samadi kwenye udongo wa nje.

Kuhusu kuni, Pascal alisema za mlimani sasa basi. Alikuwa na miti ya migrivilea iliyozunguka boma lake, inayohitaji kupunguzwa matawi kila mwaka. Clement akaahidi kupanda mingine kwenye kinga ya maji, pande zote mbili. Hapo wakabishana tena kuhusu nafasi kati ya mti na mti.

Msimu uliofuata Pascal hakutia urea, na Clement hakuiacha. Hawakubadilika kiasi hicho. Ila Clement alipanda ngwara katika kipande kimoja, "kujaribu tu," na akapunguza urea hapo, na Pascal akakubali kupanda mbegu ya ngano aliyoichagua mdogo wake. Ng'ombe wa Mzee Gidamis walilala mashamba yote mawili.

Lakini kabla ya hayo yote, siku tanuri lilipokauka, Efrazia aliwasha moto wa kwanza. Alizoea kubeba mzigo mzima wa kuni kabla ya alfajiri. Sasa aliingiza matawi machache membamba, akangoja, akiwa hana imani. Moto ukashika, ukanguruma kidogo, ukatulia. Aliweka mkono nje ya ukuta, akaukuta wa vuguvugu kama shavu la mtoto. Joto lote lilikuwa ndani. Akapanga makopo ya mikate, Clement akasukuma mlango wake mzito, na wote wakakaa kungoja, Bibi Agatha kwenye kiti chake, wakwe zake wawili kwenye mkeka mmoja.

Mlango ulipofunguliwa, mikate ilikuwa imeumuka hadi juu ya makopo, rangi ya kahawia inayofanana kuanzia wa mbele hadi wa nyuma kabisa. Hakuna hata mmoja ulioungua upande. Pascal akaukata wa kwanza ukiwa bado wa moto, akaupuliza, akampa mama yake kipande, cha pili akampa Clement.

"Huu utamu ni wa unga wangu," alisema.

"Huu urefu ni wa unga wangu," alisema Clement, mdomo umejaa.

Bibi Agatha alikimaliza kipande chake, akaomba kingine. Efrazia alipoona hivyo akakaa chini juu ya gunia tupu, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Unalia nini?" mama yake alimuuliza.

"Ni moshi tu, mama."

Bibi Agatha akatazama tanuri, akatazama bomba lake, akatazama anga yote ya juu ya Gitting iliyokuwa safi.

"Moshi uko wapi?" aliuliza, na wote wakacheka, na Efrazia akacheka kuliko wote, machozi bado yakimtoka.